Kabla Hujajaza Fomu ya Chuo cha Meno

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa, simu yangu huanza kuita. Mara ni mama mkubwa wa mtoto, mara ni jirani tuliyeachana naye zamani Temeke, mara ni mtoto mwenyewe, anaongea kwa sauti ya chini kama asiyetaka kusikika na watu wa nyumbani. Swali ni moja: baiolojia ipo, kemia ipo, fizikia imepita kwa D, anataka "mambo ya meno", basi asome nini? Wengi wanataka jibu la neno moja. Mimi huwarudishia swali: umewahi kushinda kwenye chumba cha meno, tangu kinafunguliwa asubuhi hadi vifaa vya mwisho vinapotolewa kwenye mashine ya kutakasia? Si kama mgonjwa. Kama mtu anayetazama kazi ya watu.

Karibu wote hawajawahi. Wanachokijua ni daktari wa meno, na njia ya huko inaeleweka: kidato cha sita, kisha shahada ya miaka mitano, kisha mwaka wa utarajali. Lakini pembeni ya daktari huyo kuna watu wengine ambao bila wao chumba hakifanyi kazi: msaidizi anayesimama upande wa pili wa kiti, tabibu wa meno anayeziba na kung'oa kwenye hospitali za wilaya na vituo vya afya, na mtaalamu wa maabara anayetengeneza meno bandia ambaye huenda mgonjwa asimwone maisha yake yote. Mwongozo wa udahili unaziweka kozi za hawa wawili wa mwisho kurasa za jirani, na sifa za kujiunga karibu zinafanana. Kazi zenyewe hazifanani hata kidogo, na kila moja inamdai mtu wa tabia yake. Hilo nimelijua kwa kuzipitia zote tatu, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa kwa kirefu kuliko ninavyoweza kwenye simu.

Nilianza kama msaidizi. Kliniki ilikuwa ghorofani, Dar es Salaam, kiti kimoja, na daktari mmoja, mama mtu mzima mwenye maneno machache. Kazi yangu ilikuwa kumkalisha mgonjwa, kumfunga kitambaa kifuani, kupanga vifaa kwa mfuatano atakaovihitaji daktari, kunyonya mate na damu kwa mrija, na kuchanganya saruji ya kuzibia. Saruji ile ukizembea inaganda juu ya kibao kabla haijafika kinywani. Ukiipapatikia inatoka na madonge. Ilibidi nijifunze kumtazama daktari mkononi, nijue sasa hivi atageuka kuitaka, nianze kuchanganya kabla hajasema.

Kikubwa nilichokipata pale ni utakasaji wa vifaa. Vinalowekwa, vinasuguliwa kwa brashi, vinasuuzwa, vinakaushwa, vinafungwa kwenye pakiti, ndipo vinaingia kwenye mashine ya mvuke: nyuzi 121 kwa dakika 15, au nyuzi 134 kwa dakika 3 za joto kamili, ukiacha muda wa kupasha na kukausha. Mtu akiruka hatua ya kusugua, damu iliyogandia inavikinga vijidudu visifikiwe na mvuke, na koleo linatoka linang'aa huku si salama. Daktari wangu alifungua kila pakiti mbele ya macho ya mgonjwa, hata kama mgonjwa hajui maana yake. Niliichukua desturi hiyo na sijaiacha.

Pale pia ndipo nilipojua kwamba mgonjwa wa meno anaongea kwa mwili. Mdomo uko wazi, umejaa vyuma na pamba, hawezi kusema ganzi haijashika. Anasema kwa vidole vya miguu. Msaidizi ndiye anayeviona, kwa sababu daktari macho yake yako kwenye jino. Kuna wasaidizi wenye kipaji cha ajabu katika hili: anamwekea mtu mkono begani kwa wakati unaotakiwa, na mtu anatulia. Kipaji hicho hakina cheti, lakini nimeona watoto wakikubali kufungua mdomo kwa ajili yake tu.

Sasa, ukweli ambao vijana wanapaswa kuusikia mapema. Kwetu msaidizi wa kiti cha meno mara nyingi anafundishwa kazini, au ni muuguzi aliyepangiwa chumba hicho. Kwa hiyo nafasi hiyo ni mlango mzuri wa kuionja kazi, ila ukitaka kukaa humo miaka yote, ujue kupanda kwake ni kugumu na mipaka yake inavunjwa kirahisi na watu wenye tamaa. Nilipohamia kliniki nyingine, ambayo sitaitaja, nilikuta wasaidizi wanang'oa meno. Jioni moja daktari hayupo, mgonjwa ameshalipia, nikapewa koleo. Nilikataa, na haikupita muda nikaondoka. Ganzi ya taya la chini inachomwa karibu kabisa na mshipa wa fahamu na mishipa ya damu. Aliyeketi kitini anaweza kuwa na presha, kisukari, au damu isiyoganda vizuri, na hatakwambia kama hujui kuuliza. Mzizi ukikatikia ndani, nani atautoa? Kuangalia wengine wakifanya kwa miaka hakumfanyi mtu awe na majibu hayo. Kijana akianzia usaidizi nampa baraka zote, lakini siku atakayokabidhiwa koleo bila usajili, aondoke.

Rafiki yangu wa siku zile alikwenda kuishi Uingereza. Alidhani uzoefu wa Dar es Salaam ungempa kazi mara moja. Kumbe huko msaidizi wa kiti anaitwa muuguzi wa meno, na ni taaluma inayosajiliwa na General Dental Council, baraza lile lile linalowasajili madaktari wa meno, pamoja na wataalamu wa usafi wa kinywa, matabibu wa meno, mafundi wa maabara na wengine. Alianza kozi upya huku akiwa kazini. Hakujuta, na leo anajivunia namba yake ya usajili. Nalitaja kwa sababu vijana wengi wanasoma mtandaoni habari za Marekani na Ulaya, wanaona kazi ya mtaalamu wa usafi wa kinywa anayesafisha ugaga kutwa nzima na kulipwa vizuri, kisha wananiuliza chuo chake kiko wapi hapa. Kada hiyo ilianzia Connecticut, Marekani, mwanzoni mwa karne iliyopita, na shule yake ya kwanza ilifunguliwa huko mwaka 1913. Kwetu kazi hiyo ya kusafisha ugaga na kufundisha watu kupiga mswaki inafanywa na tabibu wa meno, pamoja na mengine mengi.

Kwenye utabibu huo wa meno ndiko nilikokwenda. Stashahada ya tiba ya kinywa na meno ni miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6 ya tuzo za NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, nami niliisomea Mbeya. Watu wanaiona kama udaktari wa meno uliopunguzwa, na wapo walimu wanaowaambia wanafunzi "kama umekosa nafasi ya kuwa daktari, nenda huko". Nalipinga neno hilo kwa nguvu zangu zote. New Zealand walianza mwaka 1921 kuwafundisha wauguzi wa meno wa shuleni kuziba na kung'oa meno ya watoto, kwa sababu waliona madaktari peke yao hawawezi kuwafikia. Majirani zetu Kenya wana maofisa wa afya ya kinywa katika jamii, wanaofundishwa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Kada hizi zilianzishwa kwa makusudi, ziwafikie watu waliko. Anayeingia akiwa na moyo wa mtu aliyekosa kitu kingine, wagonjwa wanalijua hilo mapema.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa hospitali ya wilaya mkoani Arusha, upande wa Mlima Meru. Chuoni nilifundishwa kutoboka kwa meno, magonjwa ya fizi, jipu. Nilipofika kazini, nilichokiona kila siku ni meno ya kahawia. Vijana wazuri, wasafi, wanacheka wameziba midomo kwa kiganja. Maji ya ukanda ule yana madini ya floridi kupita kiasi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima na vijito vya Bonde la Ufa vinavyozidi hapo mara nyingi. Magadi yanayowekwa kwenye makande na maharage nayo yanaongeza. Madhara yanaingia wakati jino linajengeka ndani ya taya, utotoni, miaka mingi kabla mtu hajajitazama kwenye kioo na kuona aibu. Ndiyo maana hayasuguliki. Wamenijia watu waliojisugua kwa mchanga, kwa mkaa, kwa dawa za chooni, wamekula tabaka la juu la jino na rangi imebaki pale pale.

Mbele ya mgonjwa wa namna hiyo, ufundi wa mkono ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kumwambia msichana wa miaka 17 kwamba si uchafu, si laana, na si kosa la mama yake, kisha kumwita mama yake na kuzungumza juu ya maji ya wadogo zake. Tulikuwa tunawaeleza watu habari za Ngurdoto, kituo ambacho kimefanya kazi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa, na tunawahimiza wakinge maji ya mvua kwa ajili ya watoto wadogo hasa. Ukiwa mtu usiyependa kuongea, usiyeweza kurudia maneno yale yale kwa upole kwa mgonjwa wa ishirini kama ulivyomwambia wa kwanza, utaumia katika kada hii, hata uwe na mkono mwepesi namna gani.

Halafu kuna meno ya plastiki. Yeyote aliyefanya kazi ya meno Tanzania anajua ninachokisema. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, analia usiku kucha. Bibi au jirani anamfungua mdomo, anaona ufizi umevimba na kuwa mweupe pale chonge zinapojiandaa kuota. Anasema ana meno ya plastiki, yatamuua. Anapelekwa kwa mtu anayeyachimbua kwa kisu, kwa wembe, hata kwa njiti ya baiskeli. Kinachotolewa ni chipukizi cha jino halali la mtoto. Wapo wanaovuja damu sana, wapo wanaopata maambukizi, na wapo wanaopona wakaja kwangu miaka mingi baadaye, chonge za kudumu hazipo au zimeota zikiwa zimeharibika.

Hasira ya kwanza ya kijana aliyetoka chuo ni kumfokea mama. Nimeona wenzangu wakifanya hivyo, na mama yule hakurudi tena hospitali, na mtoto aliyefuata alipelekwa kule kule. Njia iliyotusaidia ilikuwa kwenda kwenye kliniki ya mama na mtoto, siku za kupima uzito na chanjo, mama zaidi ya arobaini wamekaa kwenye mabenchi, na kuzungumza nao juu ya kuharisha kwanza: maji ya chumvi na sukari, kuendelea kunyonyesha, dalili za hatari. Mama akishapata namna ya kumtibu mtoto kuharisha, anakuwa tayari kusikia kwamba ule weupe ni jino linakuja. Mara nyingine tuliwaalika bibi wenyewe. Shikamoo kwanza, kiti kwanza, kisha maneno. Hakuna swali la mtihani lililonifundisha hivyo, na nadhani ndiyo kazi yenye faida kubwa niliyoifanya katika maisha yangu.

Niseme kidogo juu ya kuziba meno bila umeme, maana ni jambo ambalo vijana wanaosomea fani hii wanastahili kulijua na kutembea nalo kifua mbele. Ipo njia ya kuondoa sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine ya kuchimbia, mara nyingi bila hata sindano ya ganzi, kisha kuziba kwa saruji inayoshikamana na jino na kutoa floridi kidogo kidogo. Dunia nzima inaijua kwa herufi zake, ART. Ilianzia hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa mengine. Mwaka 2021 shirika hilo hilo likaiweka saruji ile kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi. Nimewaziba watoto wa shule za msingi kwa njia hii chini ya mti, mtoto amelazwa juu ya meza mbili za darasani, mwanga ni wa jua na taa ya kichwani. Jino lililozibwa kwa wakati halikungoja kung'olewa. Katika wilaya ambako mtu huja hospitali akiwa ameshaumia wiki nzima, na kung'oa ndilo tegemeo lake pekee, kila jino lililookolewa lilinipa nguvu ya kurudi kesho.

Mipaka ipo, na tabibu mzuri anaijua. Gego la mwisho lililolala ndani ya mfupa, taya lililovunjika kwa ajali ya bodaboda, uvimbe usioeleweka, kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili: hao wote wanaandikiwa rufaa. Wagonjwa watakuita dokta, na huwezi kumsahihisha kila mmoja. Lakini moyoni na kwenye karatasi ujue wewe ni nani. Ukitaka kuwa daktari wa meno kweli, stashahada yako ikiwa na ufaulu mzuri inaweza kukuombea nafasi ya shahada. Wenzangu kadhaa wamepita hapo, wakakaa darasani na vijana waliotoka kidato cha sita, wakiwa tayari wanajua jipu linanukaje.

Kuhusu maabara, niliingia baada ya miaka kadhaa Arusha. Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, nikadhani kazi ya kukaa mezani ingenifaa. Nilirudi Dar es Salaam, ndugu mmoja mwenye maabara ndogo ya meno bandia akanikaribisha nijifunze pembeni yake.

Seti kamili ya meno inaanza na alama ya kinywa iliyochukuliwa kwa aljineti, tope laini linaloganda kinywani. Aljineti inasinyaa ikikaa hewani, kwa hiyo plasta inamiminwa mapema, la sivyo unatengeneza meno ya kinywa ambacho hakipo. Ukishapata umbo la taya, unajenga ukuta wa nta, mgonjwa anauma, unajua taya mbili zinakutana vipi. Unapanga meno mamoja mamoja kwenye nta, unayarudisha kliniki yajaribiwe, yanarudi na maelekezo: mstari wa kati umekwenda kulia, meno ya mbele yanaonekana mno. Unarekebisha. Kisha yote yanafunikwa kwa plasta ndani ya kopo la chuma, nta inayeyushwa kwa maji ya moto, na pale ilipokuwa nta unashindilia akriliki, ile plastiki ya meno bandia, ikiwa kama unga uliokandwa. Halafu unapika. Karibu nyuzi 74 kwa muda mrefu kwanza, ndipo uchemshe. Ukikimbilia kuchemsha, ile monoma, kimiminika kilichochanganywa na unga wa akriliki, ambayo inachemka kwa nyuzi kama 100, inageuka mvuke kabla haijashikana, na meno yanatoka na vitundu vitundu. Vitundu vile vinashika uchafu, vinanuka, na sehemu hiyo ndiyo itakayovunjika. Baada ya kupika yanaachwa yapoe taratibu, yanachongwa, yanasuguliwa mpaka yang'ae.

Fundi wangu alikuwa anaweza kukaa na meno sita ya mbele asubuhi nzima. Analizungusha jino moja kidogo sana, anarudi nyuma, anatazama, analizungusha tena. Kisanduku chake cha kulinganishia rangi za meno, cha kampuni ya Vita, kilikuwa na rangi 16, na alibishana na madaktari juu ya rangi ya A2 na ya A3 kwa uchungu wa kweli, akitaka mgonjwa aletwe mlangoni mwanga wa jua umpige usoni. Niliona uzuri wa kazi ile. Nikaona pia kwamba mimi nilikuwa naikatiza kila baada ya muda kwenda kupiga stori na wateja wa duka la jirani. Nilihitaji mtu mbele yangu. Yeye alihitaji kitu mezani. Hakuna aliye bora kati yetu, ila kama ningeichagua maabara nikiwa na miaka 18, ningeteseka miaka mingi nikidhani mimi ni mvivu.

Mzee mmoja, mvuvi mstaafu, alikuja mwenyewe maabara kuyachukua meno yake, jambo lisilo la kawaida. Aliyashika, akayatazama, akasema jino la pembe si dawa ya pengo, na sisi tukanyamaza. Fundi akamweleza bila kumdanganya. Mfupa wa taya unapungua baada ya meno kung'olewa, wa chini zaidi, kwa hiyo seti ya chini itacheza mwanzoni mpaka ulimi na mashavu vijifunze kuishikilia. Aanze na vyakula laini, atafune pande zote mbili kwa pamoja, ayavue usiku. Asiyaweke gundi ya kienyeji. Yakimchoma arudi yachongwe. Mzee akarudi kweli, mara kadhaa, na mwishowe akawa anakuja kusalimia tu.

Kama unajiona kwa fundi yule, basi fahamu na mengine. Vumbi la plasta na la kauri linaingia mapafuni, hewa ya monoma inaumiza kichwa na kuwasha ngozi. Maabara isiyo na feni ya kutoa hewa nje na barakoa nzuri usiikubali hata kwa mshahara mnono. Nafasi za kazi ziko mijini zaidi, na nyingi ni za binafsi, malipo kwa kila kazi. Teknolojia nayo inabadilika haraka: kofia za meno za zirkonia, aina ya kauri ngumu, sasa zinachorwa kwenye kompyuta, mashine inazichonga zikiwa kubwa kuliko zinavyotakiwa, kisha tanuri la nyuzi karibu 1,500 linazisinyaza hadi kipimo chake. Kijana mwenye jicho la umbo na anayependa kompyuta ana nafasi kubwa hapo. Binti wa dada yangu ndivyo alivyo. Tangu mdogo alikuwa anafinyanga vitu kwa udongo nyuma ya nyumba na hataki kuongea na wageni. Alipomaliza kidato cha nne, familia yote ilitaka awe tabibu kama mama mdogo wake. Nilisimama upande wake, kwa maneno makali kidogo kuliko nilivyozoea kuwaambia wakubwa zangu, akaenda kusomea maabara. Anafurahi mpaka anasahau kula.

Kuna mambo ya makaratasi ambayo siwezi kuyaacha, kwa sababu yameumiza watu. Kabla ya kulipa ada popote, angalia chuo na kozi yenyewe kama vimo kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET wa mwaka huo, si wa mwaka uliopita uliohifadhiwa kwenye simu ya mtu. Masomo manne yasiyo ya dini yenye ufaulu, yakiwemo kemia, baiolojia na fizikia, ndiyo msingi unaotajwa. Halafu uliza nani atakusajili. Sheria ya mwaka 2017 iliwaweka madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kozi ambayo haikufikishi kwenye usajili inakuacha na karatasi ya kuning'iniza ukutani. Kuhusu ada, tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa, na tiba ya kinywa na meno pamoja na teknolojia ya maabara ya meno zilikuwa kwenye orodha. Wazazi wengi vijijini bado hawajapata habari hii. Wapelekeeni.

Mwili nao uandaliwe. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, mwanzo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Ianze kabla hujaanza kushika wagonjwa. Ukichomwa na sindano iliyotumika, usione haya, toa taarifa siku hiyo hiyo, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 na mapema zaidi ni bora. Na ujifunze kukaa: kiti chako, mgonjwa wako, mgongo wako. Nimewaona watu hodari wakiacha kazi hii wakiwa na miaka arobaini kwa sababu ya shingo.

Ukishachagua, nenda chuo chenyewe ukitembee kabla ya kuomba, kama nauli inaruhusu. Usiishie ofisi ya udahili. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mkaribishe soda, umuulize chumba cha mazoezi kina viti vingapi vinavyofanya kazi, na wanafunzi wangapi wanagawana kiti kimoja. Kama ni maabara, uliza akriliki na plasta zinatolewa na chuo au kila mtu anajinunulia. Kisha muulize yeye mwenyewe, mpaka leo, ameziba meno mangapi ya watu walio hai.